Tashtiti Katika Shaba: Medali za Kumdhihaki Napoleon III

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta tashtiti kitabuni na jukwaani. Aghalabu husahau kwamba dhihaka huweza pia kuandikwa juu ya shaba na kutiwa mfukoni. Mfano mzuri ni sarafu na medali zilizomkejeli Napoleon III wa Ufaransa baada ya kusalimu amri kwa Waprusia huko Sedan, tarehe 2 Septemba 1870.

Msingi wa kazi hizi ni sarafu ya sentimu 10, iliyozoeleka mno: upande mmoja kichwa cha Kaizari na maneno Napoléon III Empereur, upande wa pili tai na Empire Français. Baadhi ya mafundi waliichonga sarafu yenyewe, wakamvika Kaizari kofia ya Kiprusia yenye ncha, au wakamtia shingoni ukosi wenye neno Sedan, mithili ya mbwa. Nyingine zilipigwa upya. Katika medali mashuhuri kuliko zote, Empereur limetoka, limeingia le Misérable, pamoja na idadi ya mateka: 80,000. Tai amegeuka bundi, na Empire imekuwa Vampire.

Yafaa tutue hapa. Herufi moja imeondolewa, mbili zimetiwa, na dola imekuwa mnyonya damu. Misérable nalo ni hohehahe, lakini pia ni baradhuli. (Bundi hahitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili.) Halafu kuna tarehe mbili, kama za kaburini: 2 Desemba 1851 na 2 Septemba 1870. Ya kwanza ndiyo siku ya mapinduzi yake, naye aliichagua kwa kuwa Napoleon I alitawazwa siku hiyo mwaka 1804 na kushinda Austerlitz mwaka 1805. Medali inamnyang'anya hata kalenda ya ukoo wake.

Hata hivyo, tusiukuze ushujaa wa mafundi hawa. Tangu amri ya Februari 1852, picha za dhihaka zilihitaji idhini ya serikali kabla ya kuchapishwa. Victor Hugo alitoa Napoléon le Petit mwaka huohuo wa 1852, akiwa uhamishoni, na nakala zikaingizwa Ufaransa kwa magendo. Medali ya Sedan ilimsubiri mtawala aanguke kwanza. Kaizari mwenyewe, ambaye shaba ilikwisha kumzika, aliishi hadi Januari 1873, akafia Chislehurst, Uingereza.