Mkato maalumu: istilahi ya kuta zilizopinda katika programu za usanifu majengo

Mkato maalumu wa ukuta ni umbo analolichora msanifu majengo ili kuonyesha ukuta utakavyokuwa ukipasuliwa wima, kutoka msingi hadi juu, pale ambapo mstatili unaotolewa na programu hautoshi. Programu hulichukua umbo hilo na kulipitisha juu ya mstari uliochorwa kwenye ramani, na kila mstari unakoelekea ukuta hufuata. Mstari ulionyooka hauna matatizo. Mstari wa tao ndio unaomtaka msanifu ajue kwa hakika anachokiomba, na hapo ndipo umuhimu wa istilahi sahihi unapodhihirika.

Ukuta hupinda kwa namna mbili. Namna ya kwanza huonekana kwenye ramani, kama katika minara ya duara ya Ngome Kongwe, Unguja: anayeitazama kutoka juu huona mviringo, ingawa kila upande wa ukuta umesimama wima. Namna ya pili huonekana kwenye mkato. Ukuta wa bahari wa Galveston, Texas, ulioanza kujengwa mwaka 1902 baada ya kimbunga cha 1900 kuuangamiza mji huo, una kimo cha futi 17, yaani takriban meta 5.2. Upana wake ni futi 16 chini na futi 5 juu, na uso unaotazama bahari umebonyea ili wimbi lipande kisha lirudishwe lilikotoka. Mpindo huo hauonekani kwenye ramani hata kidogo. Ukuta mmoja unaweza pia kupinda kwa namna zote mbili. Kwa hiyo maneno “ukuta wa mviringo” hayamwambii fundi mpindo upi unaokusudiwa. Ni salama zaidi kusema “ukuta wa tao” kwa mpindo wa ramani, na “ukuta wenye mkato uliopinda” kwa mpindo wa wima.

Katika programu nyingi, umbo hilo la wima huitwa profaili. Neno hilo limetokana na profilo la Kiitalia, lenye asili ya neno la Kilatini lenye maana ya uzi: mstari mwembamba unaochora ukingo wa kitu. Anayetafuta neno la Kiswahili hukutana kwanza na “wasifu”, kwa kuwa simu na tovuti zilizotafsiriwa hulitumia kwa ukurasa wa maelezo ya mtumiaji. Kwa ukuta neno hilo halifai. Wasifu ni maelezo ya mtu, maisha yake na sifa zake. “Wasifu wa ukuta” ungeeleweka kuwa orodha ya vifaa, gharama na tarehe ya ujenzi.

“Kigezo” linakaribia zaidi. Mafundi wa urembo wa plasta hukata bati au ubao kwa umbo wanalolitaka, wakaupitisha juu ya plasta mbichi mpaka ukingo wake uchapwe urefu wote. Kwa urembo wa tao, ubao hufungwa kwenye fimbo inayozunguka msumari uliopigwa katikati ya duara. Programu hufanya kazi hiyohiyo kwa hesabu. Lakini kigezo limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kipimo cha kuamulia jambo, na katika menyu ya programu lingeleta utata. Linalobaki ni “mkato”, neno ambalo wachoraji wa majengo wanalo tayari kwa mchoro wa jengo lililopasuliwa. Likiongezewa “maalumu” linaeleza yote mawili: kwamba ni umbo la kupasua, na kwamba limechorwa kwa ajili ya ukuta huo.

Sababu kubwa zaidi ya kulichagua inatokana na programu zenyewe. Katika Revit, profaili ina maana mbili. Kuna umbo linalopitishwa ukutani ili kufanya mkanda uliotokeza au mfereji uliozama. Huo ni mkato. Kuna pia amri ya kuhariri profaili ya ukuta, ambayo hubadilisha mzingo wa uso wake unapotazamwa kwa mbele, kwa mfano kuufanya upande kufuata mteremko wa paa. Amri hiyo kwa miaka mingi haikukubali kuta za tao, na mwanafunzi aliyezichanganya maana hizo aliweza kudhani kwamba ukuta wa tao haupokei mkato wowote. Kwa Kiswahili maana ya pili iitwe “mzingo wa uso”, na tatizo litaondoka. ARCHICAD ina utaratibu ulio wazi zaidi: ukuta huwa wa kawaida, wa matabaka, au wa profaili changamano. Hiyo ya mwisho huchorwa katika kihariri chake, kila sehemu ikipewa nyenzo yake, kisha huhifadhiwa ili itumike kwenye kuta nyingine, za tao zikiwamo.

Mkato ukishachorwa, lazima uwekwe mahali pake juu ya njia, yaani ule mstari wa ramani unaoufuata. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza: mstari wa rejea, yaani ule ambao mkato hupangwa kutokea kwake, na mwelekeo wake. Tao lilelile likichorwa kutoka upande wa pili, au ukuta ukigeuzwa, uso wa nje huwa wa ndani. Kwenye ukuta ulionyooka kosa hilo huonekana kwa macho tu, kwa kuwa kiasi cha zege hakibadiliki. Kwenye tao hubadilika. Chukua mkato wenye kimo cha meta 3, upana wa meta 0.6 chini na 0.2 juu, uso mmoja ukiwa wima. Eneo lake ni meta za mraba 1.2, na kitovu cha eneo hilo kiko meta 0.217 kutoka uso wa wima. Uso huo ukifuata robo duara yenye nusukipenyo cha meta 5 huku unene ukielekea nje, ujazo ni meta za ujazo 9.83; unene ukielekea ndani, ni 9.02. Tofauti inakaribia meta za ujazo 0.8. Kanuni inayotumika ni ya Pappus wa Aleksandria, iliyoelezwa tena na Paul Guldin katika karne ya 17: ujazo ni eneo la mkato mara urefu wa njia inayopitiwa na kitovu chake. Msanifu anayeijua anaweza kulihakiki jedwali la vifaa kwa kikokotoo cha kawaida.

Programu nyingine hazishughulikii tao kama tao. SketchUp huligawa katika vipande vilivyonyooka, 12 ikiwa mtumiaji hakubadilisha idadi. Kwa robo duara ya nusukipenyo cha meta 5, katikati ya kila kipande ukuta huachana na tao halisi kwa karibu milimita 11. Vipande 24 hupunguza pengo hadi chini ya milimita 3. Kwa picha ya kumwonyesha mteja 12 vinatosha. Kwa kuandaa kalibu za zege havitoshi.

Kuna pia kikomo cha kijiometria. Mkato ukichomoza kuelekea kitovu cha duara kwa urefu unaozidi nusukipenyo cha njia, umbo hujikata lenyewe, na programu hukataa kulijenga au hutoa uso uliovurugika. Kitako cha meta 0.6 kinachoelekea ndani hakiwezi kupita kwenye tao la nusukipenyo cha meta 0.5. Ni ama kitako kipunguzwe, ama mstari wa rejea usogezwe nje, ama tao lipanuliwe.