Utafiti katika mafunzo ya udaktari bingwa Muhimbili

Utafiti katika mafunzo ya udaktari bingwa Muhimbili ni kazi ya kitaaluma inayofanywa na madaktari wanaosomea ubingwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Chuo hicho kipo Upanga, wilaya ya Ilala, jijini Dar es Salaam, jirani na Kariakoo. Daktari asiyewasilisha tasnifu na kuifaulu hatunukiwi shahada ya uzamili ya tiba, hata akiwa hodari wodini.

Historia

Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963. Kabla ya hapo madaktari wengi wa Afrika Mashariki walisomea Makerere, Uganda. Mwaka 1968 shule hiyo ikawa kitivo cha tiba chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1991 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili.

Utaratibu

Daktari huanza ubingwa akiwa amemaliza shahada ya kwanza ya miaka 5 na mwaka 1 wa utarajali. Kozi nyingi za ubingwa huchukua miaka 3. Katika muda huo mwanafunzi huchagua swali la utafiti akisaidiwa na msimamizi, huandika pendekezo, kisha huomba kibali cha kamati ya maadili. Akikipata hukusanya takwimu, huzichambua na kuandika tasnifu ambayo hupitiwa na watahini.

Kwa kuwa muda ni mfupi, wengi huchagua utafiti wa kupima hali ilivyo kwa wakati mmoja, kwa mfano ukubwa wa tatizo fulani miongoni mwa wagonjwa waliolazwa. Kufuatilia wagonjwa kwa miaka mingi huhitaji muda na fedha zaidi. Kazi ya wodini na zamu za usiku huendelea kama kawaida.

Ridhaa na lugha

Mgonjwa hashirikishwi mpaka aelezwe lengo la utafiti, faida na madhara yake, kisha aridhie kwa hiari. Anaweza kukataa au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Jambo hili lina uzito wa pekee, kwani mara nyingine anayeomba ridhaa ndiye pia anayemtibu.

Fomu ya ridhaa na dodoso huandaliwa kwa Kiswahili, lakini tasnifu huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo mfanyabiashara wa Kariakoo aliyejibu maswali kwa lugha yake anaweza kushindwa kusoma kilichopatikana kutokana na majibu yake.

Umuhimu

Utafiti humfundisha daktari kupima ushahidi kabla ya kubadili tiba. Pia huonyesha hali ya wagonjwa wa Tanzania wenyewe, ambayo haiwezi kukisiwa kutokana na takwimu za Ulaya au Marekani. Tasnifu huhifadhiwa chuoni, na baadhi huchapishwa kama makala katika majarida ya kisayansi. Faida yake kwa wagonjwa hutegemea kama matokeo yatarudishwa wodini na kutumika.