Hiyo amplifaya ni ya nani?

Juzi niliposti kwamba napenda panki, msee mmoja akauliza kwani nimekuwa kinyozi. Haya, tuelewane kwanza. Siongelei nywele. Naongelea muziki, ule mtoto mtundu wa roki: gitaa la kelele, wimbo wa dakika mbili, na kijana anayeimba kile kilichomkera leo asubuhi.

Swali linalonisumbua ni hili. Nairobi wana bendi za aina hiyo. Sisi huku Pwani, na wapiga gitaa wote hawa tulio nao, mbona hatuna? Utaambiwa roki ni mambo ya wazungu, sisi ni watu wa ngoma. Mimi sikubali. Angalia kwanza vyombo vilikuwa vya nani.

Turudi 1972. Mombasa, ndugu wa familia ya Harrison wanaanzisha Them Mushrooms. Usidanganywe na hilo jina la Harrison: ndani kuna Kalanda, kuna Kalume, kuna Katana. Ita "Katana!" hapa stendi ya Mazeras uone watageuka wangapi. Wakapata kazi kwenye mahoteli ya bichi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatoa Jambo Bwana, utunzi wa Teddy Kalanda. 1983 Boney M wakaurudia kwa namna yao, dunia ikaujua.

Tunaucheka ule wimbo, lakini kutunga kitu ambacho dunia nzima inakiimba si mchezo. Ila sikiza unaongea na nani. Unaongea na mgeni. Mtu wa Rabai hakaribishwi kwao. Wale wazee hawakukosea: gitaa la umeme ni pesa, spika ni pesa, na mwenye pesa Pwani alikuwa hoteli. Jukwaa lake, mteja wake. Akitaka nyimbo za kukopi, unakopi.

Sasa linganisha. 1973, New York, jamaa anaitwa Hilly Kristal anafungua baa, CBGB. Ramones walipiga pale siku zao za mwanzo. Masharti yake kwa bendi yalikuwa mepesi: njooni na vyombo vyenu, mpige nyimbo zenu. Choo cha pale kilikuwa kichafu mpaka kikapata umaarufu wake peke yake. Nani alijali? Panki ya Marekani ilikulia kwenye chumba kile.

Nairobi pia ni hivyo. Crystal Axis, bendi ya panki, wana wimbo unaitwa Nyayo House, juu ya jumba ambalo serikali ya Moi ilitesea watu kwenye vyumba vya chini. Duma walikuwa wawili tu, na 2020 wakatoa albamu ya kelele tupu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hebu jaribu kupiga hizo wakati wa bafe ya jioni.

Mimi nilijaribu. Nilipoacha chuo nilishika besi miezi saba kwenye hoteli moja, sitaitaja. Jambo Bwana mara mbili kila usiku. Siku moja tukapenyeza wimbo wetu, unaomhusu binamu yangu, mgema, aliyeanguka mnazini akavunjika mguu. Hatukufika kiitikio cha pili. Meneja akapita nyuma yetu, akazima amplifaya. Hakugomba hata. Alisema tu, "Watu wanakula." Na kweli walikuwa wanakula. Na amplifaya ilikuwa yake.

Nikaenda nyumbani na hasira, nikamsimulia nyanya. Akanicheka. Akaniuliza, kwani bango unadhani lilitungiwa wazungu?

Alikuwa na haki. Mzee Joseph Ngala wa Freretown alichukua saksafoni yake, akachanganya jazi na midundo ya Kimijikenda, tukapata bango. Freretown na Rabai ni ndugu wa damu: misheni zote mbili, zote zilipokea watu waliotoka utumwani. Hapa kwetu watalii huja kuona makumbusho ya Krapf, aliyefungua misheni 1846, kisha wanarudi zao bichi. Bango halikuwasubiri. Lilipigwa harusini, watu wazima wakacheza, nyanya akiwa mmoja wao. Nikiulizwa mimi, hiyo ina roho ya panki kuliko vijana wengi wanaovaa fulana za Ramones bila kujua wimbo hata mmoja.

Kwa hivyo kipaji tunacho, na ukali tunao. Kinachokosekana ni chumba na vyombo visivyo na meneja.

Tumeanza na tulichonacho. Watu wanne tumechanga, tumenunua amplifaya ya mtumba, na deni bado halijaisha. Spika moja inakoroma kama mzee aliyelewa. Jumapili iliyopita tukaifunga nyuma ya mangwe, na binamu yangu akakaa juu ya kreti, mguu ameunyosha. Tukapiga wimbo wake. Tukafika kiitikio cha pili, tukakipita, tukamaliza.

Watu walikuwa wanakunywa. Hakuna aliyezima kitu.

Binamu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Rudieni."

Tunatafuta mpiga drams. Njoo na vijiti vyako.