Ndege ya Nyumbani: Dola, Raia na Haki ya Kuunda

Mwaka 1934, Mfaransa Henri Mignet alichapisha kitabu kilichomfundisha mtu wa kawaida kujiundia ndege kwa mbao, kitambaa na gundi. Ndege yenyewe, HM.14, aliirusha mwaka 1933, akaiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. Wengi waliitikia, hasa Ufaransa na Uingereza.

Vifo vikafuata. Marubani kadhaa walielekea chini wasiweze kuinua tena pua ya ndege. Mwaka 1936 ilipimwa katika mahandaki ya upepo ya Farnborough na Chalais-Meudon. Ikabainika kwamba mabawa yake mawili, kwa kukaribiana mno, yaliathiriana kiasi cha kumnyima rubani njia ya kujinasua. Kosa lilikuwa la mchoro, wala si la fundi wa nyumbani. Mignet aliurekebisha, lakini Uingereza ilikwisha kuifungia anga yake.

Marekani ilikuja kuchukua njia nyingine. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha Experimental Aircraft Association huko Milwaukee. Kanuni za nchi hiyo humruhusu raia kununua vipande vya kiwandani, ilimradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wajenzi wenyewe kwa ajili ya elimu au burudani. Ndege hukaguliwa, kisha hujaribiwa kwanza katika eneo maalumu.

Dola ina wajibu wa kulinda uhai. Swali ni iwapo hutimiza wajibu huo kwa kumpima raia kazi yake au kwa kumnyang'anya nyundo.