AFC Leopards: Chui wa Magharibi na kiu ya taji tangu 1998

KATIKA mtaa wa Amalemba mjini Kakamega, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji huo wa uwanja wa Bukhungu, mtoto hujifunza mapema kwamba timu ya nyumbani haichezei nyumbani. AFC Leopards ina makao yake Nairobi, lakini mapenzi yake yamekita mizizi Magharibi mwa Kenya. Huko huitwa Ingwe, yaani chui, na inapozuru Bukhungu hulakiwa kwa ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka wa 1964 kwa jina Abaluhya United. Vijana wa Kiluhya waliokwenda Nairobi kutafuta kazi walikuwa wakisakata soka katika timu ndogo ndogo za maeneo walikotoka, na viongozi wao wakaona heri nguvu ziunganishwe. Muungano huo haukukawia kuzaa matunda. Ubingwa wa ligi ulipatikana mwaka wa 1966, kisha 1967, 1970 na 1973.

Enzi hizo ndizo zilizompa Joe Kadenge umaarufu usiosahaulika. Msemo "Kadenge na mpira", uliotokana na matangazo ya redio, bado hutumika na watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Alifariki Julai 2019. Mwenzake, Jonathan Niva, aliichezea Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 1972 nchini Cameroon.

Mwaka wa 1980 serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila katika vyama na vilabu, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Herufi A iliyosimamia jamii moja sasa ikawa ya wanasoka wote. Mabadiliko hayo hayakuwa ya jina tu. Langoni alisimama Mahmoud Abbas, mzaliwa wa Mombasa aliyepewa lakabu ya "Kenya One", na miongoni mwa washambuliaji alikuwemo Joe Masiga, ambaye taaluma yake ilikuwa udaktari wa meno.

Hicho ndicho kilichokuwa kilele cha Ingwe. Ilitwaa ligi miaka mitatu mfululizo, 1980, 1981 na 1982, na kisha 1986, 1988 na 1989. Katika Kombe la Vilabu la Afrika Mashariki na Kati, ambalo ilikuwa imelishinda kwa mara ya kwanza mwaka wa 1979, ilinyakua taji mwaka wa 1982, 1983 na 1984. La tano lilikuja mwaka wa 1997.

Miaka ya tisini ilileta ubingwa wa ligi mara mbili pekee, 1992 na 1998. Baada ya hapo mambo yakaenda mrama. Migogoro ya uongozi na ukata wa fedha viliidhoofisha timu hadi ikashushwa daraja mwaka wa 2006, aibu ambayo mashabiki wake hawakuidhania. Ilirejea Ligi Kuu mwaka wa 2009. Kombe la GOtv Shield la 2013, lililopatikana kwa kuwazima mahasimu wao Gor Mahia, na lile la 2017 viliwafuta machozi wafuasi. Hata hivyo, hadi msimu wa 2024/25 ulipofikia tamati, miaka 27 ilikuwa imepita bila taji la ligi.

Sababu mojawapo ni umiliki. Leopards, sawa na Gor Mahia, ni mali ya wanachama wake. Tusker inaungwa mkono na kampuni ya bia, nayo Kenya Police, iliyotawazwa bingwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, ni timu ya Huduma ya Polisi. Klabu ya taasisi ina uhakika wa mishahara. Klabu ya wanachama hutegemea viingilio na wadhamini. SportPesa ilipositisha udhamini wake wa michezo nchini mwaka wa 2019, pengo hilo lilionekana waziwazi.

Wakati huohuo, Kakamega imejipatia mwana wake mwenyewe. Kakamega Homeboyz, iliyoasisiwa mwaka wa 2010 na Cleophas Shimanyula, huutumia Bukhungu kama uwanja wake wa nyumbani. Msimu wa 2021/22 ilimaliza ikiwa na pointi sawa na Tusker, lakini ikapokonywa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mwaka uliofuata ilitwaa kombe la FKF na tiketi ya kushiriki Kombe la Mashirikisho barani Afrika. Timu hizo mbili zinapokutana Bukhungu, si ajabu baba na mwanawe kuketi pande mbili tofauti.

Msimu mpya unapokaribia, hesabu za Ingwe zinaeleweka. Ligi ya timu 18 ina mechi 34, na yaliyowapata Homeboyz yanaonyesha kwamba bao moja la mwezi wa pili laweza kuamua taji la mwezi wa sita. Yapo mambo matatu ya kuangaliwa: mishahara kulipwa kwa wakati ili wachezaji bora wasihame katikati ya msimu, kocha kupewa muda wa kuijenga timu badala ya kutimuliwa baada ya vichapo viwili, na uwanja wa kudumu, kwani Nyayo na Kasarani zilipofungwa kukarabatiwa kwa ajili ya fainali za CHAN, zilizochezwa Agosti 2025, vilabu vya Nairobi vililazimika kuhamahama.

Mashabiki hawajawahi kuwa tatizo. Wamedumu na timu hata iliposhuka daraja, na isukuti hazikunyamaza. Kibarua kilicho mbele ya viongozi ni kuyageuza mapenzi hayo kuwa uanachama unaolipiwa na hazina isiyovuja. Chui aliyezaliwa kwa muungano wa timu ndogo hawezi kurudi kileleni kwa njia nyingine ila umoja uleule.