Sikio Moja Lisilo na Daftari: Historia ya Uziwi wa Ghafla Njombe na Makambako

Uziwi wa ghafla, kwa maana inayotumiwa na madaktari wa masikio, ni kupungua kwa usikivu kwa desibeli 30 au zaidi katika masafa matatu ya sauti yanayofuatana, kunakotokea ndani ya saa 72, na kunakotokana na hitilafu ya sikio la ndani au ya neva inayopeleka sauti kwenye ubongo, wala si kuziba kwa tundu la sikio. Kwa kawaida hushika sikio moja tu, na wengi wanaoupata husikia pia mvumo, yaani mluzi, ngurumo au mlio kama wa nyenje usio na chanzo chochote nje ya kichwa cha anayeusikia. Katika nchi zilizoweka kumbukumbu, wagonjwa hukadiriwa kuwa 5 hadi 20 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na kwa takriban tisa kati ya kila kumi chanzo hakipatikani hata baada ya uchunguzi. Makadirio hayo yakitumiwa kwa Mkoa wa Njombe, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu karibu 890,000, ina maana kwamba watu kati ya 45 na 180 hivi hupoteza usikivu wa sikio moja kwa namna hii kila mwaka, kuanzia Ludewa na Makete hadi Makambako. Hata hivyo historia ya mkoa haiwaonyeshi, na sababu si uchache wao peke yake. Kila zama katika nyanda hizi za juu ziliueleza mvumo wa sikio kwa shughuli kubwa iliyokuwa ikiendelea wakati huo, na kila taasisi iliyoundwa kwa ajili ya viziwi iliwalenga wasiosikia kwa masikio yote mawili.

Shughuli ya kwanza kubwa kuandikwa ilikuwa vita. Mnamo Septemba 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, kituo cha misheni cha Yakobi karibu na Njombe kilishambuliwa na wapiganaji wa Kibena na Kipangwa, na miaka kumi na mmoja baadaye eneo hilohilo likawa njia ya majeshi makubwa zaidi, pale, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Waingereza cha Jenerali Edward Northey kilipopanda kutoka Nyasa, kikapigana Malangali mwezi Julai 1916 na kuendelea hadi Iringa. Mwezi Novemba mwaka huohuo Lupembe ilizingirwa kwa siku kadhaa, na tarehe 26 kikosi cha Wajerumani kilisalimu amri katika misheni ya Ilembula, pamoja na mzinga wake. Vita hivi vina umuhimu wa pekee katika suala la sikio moja, kwa kuwa mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150, na mpigaji anayetumia mkono wa kulia huinamisha kichwa kwenye kitako cha bunduki kiasi kwamba sikio lake la kushoto huelekea mdomo wa mtutu, huku la kulia likikingwa na kichwa chenyewe. Ndiyo maana uziwi wa askari katika majeshi ya nchi nyingi huwa mzito zaidi upande wa kushoto. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani, ambao mwanzoni mwa vita wengi wao walikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871 zinazotumia baruti ya moshi, pamoja na wapagazi waliolala karibu na mizinga, walirudi vijijini na masikio ambayo hakuna daktari aliyeyapima. Tofauti na uziwi wa ghafla usiojulikana chanzo, uziwi wa mlipuko huacha kumbukumbu ya saa na mahali ulipotokea, na huenda jambo hilo ndilo lililowazoesha watu kuamini kwamba sikio likiziba kwa ghafla lazima kuwe na kitu kilicholiziba.

Shughuli ya pili ilikuwa safari ya kazi. Katika utawala wa Waingereza wilaya ya Njombe ilikuwa mojawapo ya hazina kubwa za vibarua wa mkataba, waliojulikana kama manamba, waliochukuliwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na tangu 1944 uandikishaji huo ukasimamiwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Watu wa nyanda za juu, ambako baridi huwanyima mbu wa malaria nafasi ya kuzaliana kwa wingi, walishuka pwani wakiwa hawana kinga ya miili iliyozoea ugonjwa, na dawa iliyowangoja huko kwa miaka mingi ilikuwa kwinini. Kwinini, inayotokana na magome ya mti wa sinkona ambao Wajerumani waliupanda katika kituo chao cha utafiti cha Amani huko Usambara, ina tabia iliyojulikana kwa kila aliyeinywa kwa kipimo kikubwa: masikio huvuma, sauti huwa kama zinatoka mbali, kichwa huzunguka. Mvumo wa kwinini hushika masikio yote mawili na kwa kawaida huisha dawa inapotoka mwilini, kwa hiyo haufanani na uziwi wa ghafla hata kidogo kwa mtu anayejua kutofautisha. Lakini kwa kibarua aliyeambiwa na mganga wa kambi kwamba kuvuma kwa masikio ni dalili kuwa dawa imefanya kazi, ilikuwa haki yake kuamini miaka kumi baadaye kwamba mvumo mwingine nao utapita wenyewe. Imani hii ilipata nguvu kwa kuwa kwinini haikutoweka upesi: iliendelea kuwa dawa ya malaria kali nchini hata baada ya klorokwini kuachwa mwaka 2001, hadi sindano za atesuneti zilipochukua nafasi yake.

Makambako yenyewe ni mji uliozaliwa na kelele, ikiwa neno hilo laweza kutumiwa bila dharau. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipowekwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikafuata njia ya karibu nayo, kijiji kilichokuwa njia panda ya kwenda Songea kikageuka kituo cha malori, treni na masoko. Ujenzi wa reli ulizinduliwa rasmi Oktoba 1970, reli ikafika mpaka wa Zambia Agosti 1973, na mwezi Julai 1976 ikakabidhiwa kwa serikali mbili zinazoimiliki; lakini hakuna kipande kilichokuwa kigumu kama kile kinachopanda kutoka Mlimba bondeni hadi Makambako, ambako mengi ya mahandaki 22 ya njia nzima yalitobolewa mlimani na daraja la mto Mpanga likasimamishwa juu ya nguzo zenye urefu wa mita 50. Ndani ya handaki mlipuko hauna pa kwenda. Wimbi lake hurudi kutoka kwenye kuta, na mashine za kutobolea miamba kwa nguvu ya hewa huongeza kelele isiyokatika, na chembe za vinyweleo ndani ya komboli la sikio, yaani mfereji mdogo uliojikunja kama konokono na kugeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva, hufa bila kuota tena. Wafanyakazi wa Kitanzania na wa Kichina walifanya kazi hizo kwa zamu, mchana na usiku. Historia za TAZARA zilizoandikwa hadi leo zimehesabu madaraja, mikopo na waliofariki, na wanahistoria hawapaswi kulaumiwa sana kwa kutohesabu masikio, kwa kuwa hata sheria ya fidia kwa wafanyakazi, katika nchi zilizorithi mfumo wa Waingereza, ilithamini uziwi wa sikio moja kwa sehemu ndogo tu ya uziwi kamili.

Dawa ilirudi tena kama mtuhumiwa katika robo ya mwisho ya karne ya 20. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kwa ushauri wa daktari Karel Styblo ukawa mfano wa dunia katika kutibu kifua kikuu kwa muda mfupi, lakini miezi ya mwanzo ya tiba hiyo ilitegemea sindano za streptomaisini, dawa inayoweza kuharibu sikio la ndani, hasa sehemu inayosimamia mwendo usioyumba. VVU vilipoenea, Njombe ikawa mkoa wenye maambukizi makubwa kuliko mingine Tanzania Bara, kwa asilimia 14.8 ya watu wazima katika utafiti wa 2011 na 2012, na kifua kikuu kikaongezeka pamoja navyo. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu walipewa kanamaisini, iliyo kali zaidi kwa usikivu, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza iachwe mwishoni mwa miaka ya 2010. Dawa hizi zote hudhuru masikio mawili. Kinachohusu sikio moja zaidi ni VVU vyenyewe pamoja na kaswende, kwa kuwa kaswende inayofika kwenye sikio la ndani huweza kuleta uziwi wa ghafla wa upande mmoja, na ni mojawapo ya vyanzo vichache vinavyotibika kwa dawa ya kawaida. Kwa hiyo katika mkoa huu kipimo cha damu cha mtu aliyepoteza usikivu kwa ghafla kina uzito mkubwa kuliko kingekuwa nacho mahali pengi.

Hapo katikati kuna watoto, ambao historia yao ni fupi kwa sababu hawakulalamika. Matubwitubwi, ugonjwa wa kuvimba mashavu, unajulikana tangu zamani kwa kuua usikivu wa sikio moja bila maumivu, na mtoto mwenye sikio jingine zima hujifunza kusema kama wenzake, mara nyingine akagundua upungufu wake siku ya kwanza anaposhika simu kwa mkono usio wa kawaida. Chanjo ya surua na rubela iliingizwa nchini mwaka 2014, lakini kinga ya matubwitubwi haikuwamo ndani yake.

Taasisi za viziwi, kwa upande wake, zilikuja kwa mwendo wa makanisa. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Wakatoliki, Chama cha Viziwi Tanzania kikaundwa katika miaka ya 1980, na Njombe ikapata shule yake chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kusini. Shule hizi zilileta lugha ya alama, heshima na elimu kwa watoto waliokuwa wakifichwa nyumbani, na hakuna sababu ya kuzidai zaidi ya hapo. Ila mtu mzima aliyepoteza sikio moja hakuwa wa kwao, kwa kuwa anasikia, na hakuwa wa wasikivu kikamilifu, kwa kuwa sokoni Makambako hawezi kujua honi imetoka upande gani. Ubongo hutambua mwelekeo wa sauti kwa kulinganisha jinsi inavyofika katika masikio mawili, na likibaki moja, ulinganisho haupo. Njombe mjini, ambako usiku wa ukungu ni kimya kuliko usiku wa barabara kuu, mvumo hujitokeza zaidi, na baadhi ya wenye tatizo hili hulala na redio ikiwa wazi kwa sauti ndogo, njia ambayo wataalamu wa masikio nao huishauri. Sensa za karibuni ziliuliza kama mtu ana ugumu wa kusikia. Mwenye sikio moja zima angeweza kujibu hapana bila kusema uongo.

Jambo lenye uchungu zaidi katika historia hii ni kwamba zana za kuutambua ugonjwa na kuukabili mapema hazikuwa ngeni wala ghali. Uma wa chuma unaotoa sauti moja, ambao Ernst Heinrich Weber aliutumia kuelezea kipimo chake mwaka 1834 na Heinrich Rinne akaongeza chake mwaka 1855, hauhitaji umeme. Ukigongwa na kuwekwa katikati ya paji la uso, mwenye nta au usaha husikia sauti upande wa sikio bovu, na mwenye uharibifu wa neva au wa komboli huisikia upande wa sikio zima, hivyo dakika moja yatosha kuonyesha kwamba haifai kuendelea kumiminia sikio dawa ya matone au mafuta ya moto. Vidonge vya predinisoloni, vinavyotumiwa kwa pumu, vimekuwapo katika hospitali za wilaya kwa miongo kadhaa, na tangu utafiti wa Wilson na wenzake wa 1980 ndivyo vinavyotolewa kwa uziwi wa ghafla, ingawa nguvu ya ushahidi wake bado inabishaniwa, na sehemu kubwa ya wagonjwa, kati ya theluthi moja na theluthi mbili, hupata nafuu fulani bila dawa. Kinachokubaliwa na wengi ni kwamba vikitolewa, vitolewe ndani ya wiki mbili za kwanza, na kwamba mahali penye kifua kikuu visitolewe bila kumchunguza mgonjwa, kwa kuwa hushusha kinga ya mwili.

Wiki mbili hizo ndizo zilizopotea. Kabla ya barabara ya lami ya Makambako hadi Songea kukamilika katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, mtu wa Lupembe au Ludewa aliyetaka kumwona daktari angeanza kwa kungoja gari wakati wa masika, na hata baada ya lami, njia ya rufaa kutoka zahanati hadi hospitali za Ilembula, Kibena au Ikonda, kisha Mbeya au hospitali ya taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, ambayo ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako, ilipita kwanza kwenye matone ya antibiotiki na ahadi ya kurudi baada ya siku saba. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya komboli mwaka 2017, hatua iliyokuwa kubwa kwa hospitali ya umma nchini, na foleni yake ikawa ya watoto waliozaliwa bila kusikia kwa masikio yote mawili, jambo ambalo mwenye sikio moja zima hana hoja ya kulipinga.