Kuharakisha Vibali vya Madini Mkakati

Taarifa nyingi za uchimbaji huiita kazi ya kuruhusu migodi "utoaji vibali", na serikali zinazotaka nikeli, kinywe au madini adimu zitoke ardhini upesi husema zinauharakisha. Istilahi hiyo inafaa kwa kichwa cha habari tu, kwa kuwa ndani yake yamefichwa mambo matatu ambayo Kiswahili kinayatofautisha vizuri.

Leseni ni haki ya kisheria ya kuchimba. Nchini Tanzania mradi wenye mtaji usiopungua dola milioni 100 huhitaji leseni maalumu, ambayo Tume ya Madini huitoa baada ya Baraza la Mawaziri kuridhia. Kibali ni ruhusa ya jambo mahususi, kama kutumia maji ya mto au kuhifadhi baruti. Ridhaa ni jambo jingine kabisa. Hiyo hutoka kwa wenye ardhi, na hakuna ofisi inayoweza kuitoa kwa niaba yao.

Tuchukue Ngualla, mkoani Songwe. Huko kuna neodimiamu na praseodimiamu, metali zinazotumika kutengeneza sumaku za mota za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Kampuni ya Peak ya Australia iliomba leseni maalumu mwaka 2017, mwaka uleule Bunge lilipobadili sheria ya madini na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Leseni ilitoka Aprili 2023. Ni rahisi kuulaumu urasimu, lakini sehemu ya miaka hiyo ilikwenda kwenye mazungumzo yaliyozaa kampuni ya ubia, Mamba Minerals, ambamo Serikali ina hisa hizo. Mimi siuhesabu muda huo kuwa umepotea. Kinachopotea ni ule muda ambao jalada limelala mezani bila mtu kulifungua.

Umoja wa Ulaya umejaribu kulibana jalada hilo. Sheria yake ya malighafi muhimu, iliyoanza kutumika Mei 2024, inataka miradi iliyotambuliwa kuwa ya kimkakati ijibiwe ndani ya miezi 27 ikiwa ni ya kuchimba, na 15 ikiwa ni ya kuchakata au kurejeleza. Muda wa kuandaa ripoti ya athari kwa mazingira haumo katika hesabu hiyo, na hapo watunga sheria walifanya vyema: ofisi imewekewa ukomo, utafiti wa maji na udongo haukuwekewa.

Kucheleweshwa nako kunaumiza, na anayeumia si mwekezaji peke yake. Mwanakijiji ambaye mali yake imeshathaminiwa kwa ajili ya fidia huacha kujenga na kupanda mazao ya kudumu, akihofia kwamba atakachoongeza baada ya uthamini hakitalipwa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Neno "haraka" lilikuwa tayari limeandikwa humo, kwa ajili ya mwanakijiji huyo, miaka mingi kabla ya dunia kuyagombania madini haya.

Kwa hiyo ningependekeza waandishi waseme "kuharakisha leseni", "kuharakisha vibali", na waseme kwa sauti zaidi "kuharakisha fidia". Ridhaa haiharakishwi. Ridhaa huombwa, na anayeombwa anaweza kukataa.